Jinsi ya kutengeneza ripoti ya mafao ya wafanyakazi kwa Access, hatua kwa hatua

Kila mwisho wa mwezi maswali ni yale yale. "Mbona posho za huyu zimetoka mara mbili?" "Mbona jumla ya ripoti haifanani na tulicholipa benki?" "Mbona kuna watu watatu hawamo kabisa?" Anayeuliza huwa ni ofisa utumishi au mhasibu wa hoteli ya Nungwi au Paje, wa skuli binafsi ya mjini, au wa jumuiya ndogo ya Chake Chake. Kakabidhiwa faili la Access lililotengenezwa na mtu aliyekwishaondoka, kaambiwa ripoti itoke kabla ya Ijumaa.

Kama ni wewe, mwongozo huu ni wako. Nakuambia mapema jambo moja ili usipoteze siku nzima ukikagua fomula: asilimia kubwa ya ripoti mbovu nilizozikagua, fomula zake zilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye namna majedwali yalivyounganishwa. Hatua ya 4 na ya 6 ndizo zenye uzito, kwa hiyo ukifika hapo punguza mwendo.

Na usiichukulie ripoti hii kuwa karatasi ya kumridhisha mkurugenzi. Mtandika vitanda akikosa mchango wa miezi miwili leo, hatajua. Atajua siku anayokwenda kudai haki yake Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, na siku hiyo aliyekuwa na faili hayupo tena kazini. Ripoti nzuri huionesha miezi hiyo miwili mapema, wakati bado inarekebishika.

Kabla hujaanza

Uwe na vitu hivi mezani:

- Kompyuta yenye Microsoft Access. Toleo lolote kuanzia 2010 linatosha kwa yote yaliyomo humu.
- Nakala ya faili. Nakili faili zima kwenye flashi, lipe jina lenye tarehe, kisha fanyia kazi nakala. Umeme ukikatika katikati ya kazi faili la Access linaweza kuharibika, na hapo ndipo utaishukuru nakala.
- Orodha ya malipo ya mwezi mmoja uliokwishafungwa, iliyosainiwa. Hiyo ndiyo mizani yako. Usijaribu ripoti mpya kwa mwezi ambao bado haujafungwa.
- Viwango vya michango vinavyotumika sasa, kutoka kwenye sheria na waraka wa mfuko wenyewe. Usichukue kiwango kwenye fomula ya zamani ndani ya faili, wala kwa mdomo wa mwenzako.
- Uamuzi wa mwajiri kwa maandishi kuhusu posho: zipi ni za kila mwezi, zipi za msimu, na mgao wa huduma wa hoteli unaingia wapi.

Maneno mawili tu ya nadharia. Jedwali huhifadhi yaliyotokea. Kwiri ni ombi unaloliandika ili Access ikusanye mistari kutoka kwenye majedwali na kukupa jibu, na ndani yake unaweza kuweka safu ya kukokotoa, yaani safu isiyohifadhiwa popote, inayopigiwa hesabu kila kwiri inapofunguliwa. Basi.

Hatua ya 1: Panga majedwali

Unahitaji majedwali matano. Kama faili lako lina majina mengine, si lazima uyabadilishe, mradi unajua kipi ni kipi.

*Wafanyakazi*: NambaMfanyakazi, JinaKamili, NambaZSSF, TareheKuajiriwa, TareheKuondoka, Kituo.
*Mishahara*: NambaMfanyakazi, Mwezi, MshaharaMsingi.
*Posho*: NambaMfanyakazi, Mwezi, AinaPosho, Kiasi.
*Makato*: NambaMfanyakazi, Mwezi, AinaKato, Kiasi.
*Viwango*: AinaMchango, KuanziaTarehe, MpakaTarehe, AsilimiaMfanyakazi, AsilimiaMwajiri.

Usiunganishe majedwali kwa jina la mtu. Huku kwetu hilo ni balaa. Ofisi moja inaweza kuwa na Ali Juma Ali wawili, na mtu mmoja akaandikwa Mohamed kwenye mkataba, Mohammed kwenye orodha ya mishahara na Muhammad kwenye fomu ya mfuko. Unganisha kwa NambaMfanyakazi pekee, na uihifadhi kama matini, yaani "Short Text" (kwenye toleo la 2010 inaitwa "Text"), kwenye majedwali yote. Ukiiweka kama namba, 0047 itageuka 47, na jedwali jingine lenye 0047 halitaitambua. NambaZSSF nayo ni matini kwa sababu hiyo hiyo.

Fedha zote ziwe za aina ya "Currency", usitumie "Double". Kisha kwenye sifa ya "Format" weka "Standard" na desimali 0. Ukiiacha "Currency" hapo pia, kompyuta iliyosetiwa Kimarekani itakuchapia alama ya dola mbele ya mshahara wa shilingi. Mkurugenzi akiona mpishi analipwa dola 450,000, mengine yote uliyoyafanya hatayasoma.

Safu ya Mwezi ni tarehe, na daima iwe siku ya kwanza ya mwezi. Ili asitokee mtu wa kuingiza tarehe 28, weka sharti hili kwenye "Validation Rule" ya safu hiyo:

```
Day([Mwezi])=1
```

Mwisho wa hatua hii: kwenye jedwali la Mishahara, chagua NambaMfanyakazi na Mwezi kwa pamoja ukiwa umeshika Ctrl, halafu bonyeza "Primary Key". Kuanzia hapo haiwezekani mtu mmoja kuingizwa mishahara miwili ya mwezi mmoja. Access yenyewe itakataa.

Hatua ya 2: Viwango viwe na tarehe

Kosa kubwa la faili za zamani ni asilimia kuandikwa ndani ya fomula: mshahara mara 0.05. Siku kiwango kinapobadilika, mtu anaibadilisha fomula, na hapo hapo ripoti zote za miaka iliyopita zinabadilika nayo. Mkaguzi akiomba ripoti ya miaka mitatu nyuma, utamtolea namba ambazo hazikuwahi kulipwa.

ZSSF ipo tangu Sheria Namba 2 ya mwaka 1998, na tangu hapo sheria imeshafanyiwa marekebisho. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ZHSF, nao umekuja mwaka 2023. Mfanyakazi aliyekaa kazini muda mrefu amepita kwenye vipindi tofauti vya mchango, na faili lako lazima livikumbuke vyote.

Kwa hiyo kila kiwango kiwe mstari wake kwenye Viwango, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kinachotumika sasa kiache MpakaTarehe ikiwa tupu. Kiwango kipya kikija, funga cha zamani kwa siku ya mwisho ya mwezi wake, kisha ongeza mstari mpya. Usiufute wala usiuandike juu mstari wa zamani.

Kwenye mifano ya chini nimetumia 5 kwa mfanyakazi na 10 kwa mwajiri kwa ajili ya kupiga hesabu kirahisi. Wewe weka viwango vya waraka ulionao mezani.

Hatua ya 3: Kwiri ya michango

Nenda "Create", kisha "Query Design", funga dirisha la kuchagua majedwali, halafu badilisha mwonekano kuwa "SQL View", mahali kwiri inapoandikwa kwa maneno. Bandika hii na uihifadhi kwa jina la kwMichango:

```
SELECT M.NambaMfanyakazi, M.Mwezi, M.MshaharaMsingi,
Int(M.MshaharaMsingi*V.AsilimiaMfanyakazi/100+0.5) AS MchangoMfanyakazi,
Int(M.MshaharaMsingi*V.AsilimiaMwajiri/100+0.5) AS MchangoMwajiri
FROM Mishahara AS M, Viwango AS V
WHERE V.AinaMchango="ZSSF"
AND M.Mwezi>=V.KuanziaTarehe
AND M.Mwezi<=Nz(V.MpakaTarehe,#2099-12-31#);
```

Inachofanya: inachukua kila mshahara, inatafuta kiwango kilichokuwa kinatumika mwezi huo, inapiga hesabu na kufikisha kwenye shilingi kamili.

Utauliza kwa nini sikutumia Round, fomula ya Access yenyewe ya kufikisha namba. Kwa sababu Round ya Access, namba ikiwa nusu kamili, huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Chukua mshahara wa 450,050. Asilimia 5 yake ni 22,502.5, na Round itakupa 22,502. Mshahara wa 450,070 unatoa 22,503.5, na hapo Round itakupa 22,504. Mmoja kapunguzwa, mwingine kaongezwa, na mhasibu anayekagua kwa kikokotoo atapata jibu jingine. Int pamoja na kuongeza 0.5 hupandisha nusu kila mara, kama tulivyofundishwa skuli. Ni shilingi moja, lakini ukiwa na wafanyakazi mia mbili, hizo shilingi moja moja ndizo zitakazokukesheza ukitafuta kwa nini jumla haifungi.

Onyo: kwiri hii ikikosa kiwango cha mwezi fulani, mistari ya mwezi huo inapotea kimya kimya. Na vipindi viwili vya kiwango vikipandana hata kwa siku moja inayogusa mwanzo wa mwezi, kila mfanyakazi atatoka mara mbili. Zote mbili utazinasa kwenye hatua ya 6.

Kwa mfuko wa afya, nakili kwiri hii, iite kwAfya, badilisha "ZSSF" iwe "ZHSF", na majina ya safu yawe AfyaMfanyakazi na AfyaMwajiri.

Hatua ya 4: Jumlisha kwanza, unganisha baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na ndipo lilipo jibu la "mbona posho zimetoka mara mbili".

Mchukue mfanyakazi namba 0047. Mwezi wa Julai ana posho tatu: nyumba 60,000, usafiri 40,000, chakula 20,000. Jumla 120,000. Ana makato mawili: mkopo wa SACCOS 30,000 na chama cha wafanyakazi 15,000. Jumla 45,000. Ukiliunganisha jedwali la Posho na la Makato kwenye kwiri moja kwa namba yake, Access inakutanisha kila posho na kila kato: tatu mara mbili, mistari sita. Ukijumlisha, posho zinatoka 240,000 na makato 135,000. Access haitakupa onyo lolote. Imefanya ulichoiomba.

Dawa ni kujumlisha kila jedwali peke yake, mpaka kila mfanyakazi awe na mstari mmoja kwa mwezi, ndipo uunganishe. Tengeneza kwPosho:

```
SELECT NambaMfanyakazi, Mwezi, Sum(Kiasi) AS JumlaPosho
FROM Posho
GROUP BY NambaMfanyakazi, Mwezi;
```

Halafu kwMakato kwa mtindo ule ule, jedwali likiwa Makato na safu ikiwa JumlaMakato.

Usijaribu kulikwepa tatizo hili kwa kuweka DISTINCT kwenye kwiri kubwa. DISTINCT hufuta mistari inayofanana, na mtu mwenye posho mbili halali za 20,000 kila moja anaweza kubaki na moja. Utakuwa umeponya jicho moja na kupofua la pili.

Hatua ya 5: Kwiri ya ripoti yenyewe

Sasa kusanya vyote. Iite kwRipoti:

```
PARAMETERS [Mwezi wa ripoti] DateTime;
SELECT W.Kituo, W.NambaMfanyakazi, W.JinaKamili, W.NambaZSSF,
C.Mwezi, C.MshaharaMsingi,
CCur(Nz(P.JumlaPosho,0)) AS PoshoZote,
CCur(Nz(K.JumlaMakato,0)) AS MakatoYote,
C.MchangoMfanyakazi, C.MchangoMwajiri,
C.MshaharaMsingi+CCur(Nz(P.JumlaPosho,0))+C.MchangoMwajiri AS GharamaMwajiri,
DateSerial(Year(C.Mwezi),Month(C.Mwezi)+1,0) AS MwishoMwezi
FROM ((Wafanyakazi AS W
INNER JOIN kwMichango AS C ON W.NambaMfanyakazi=C.NambaMfanyakazi)
LEFT JOIN kwPosho AS P
ON (C.NambaMfanyakazi=P.NambaMfanyakazi AND C.Mwezi=P.Mwezi))
LEFT JOIN kwMakato AS K
ON (C.NambaMfanyakazi=K.NambaMfanyakazi AND C.Mwezi=K.Mwezi)
WHERE C.Mwezi=[Mwezi wa ripoti];
```

Ukishaona inafungua salama, ongeza kwAfya kwa LEFT JOIN nyingine ya namna hiyo hiyo, na mchango wake wa mwajiri uuingize kwenye GharamaMwajiri. Usiongeze yote kwa mkupuo mmoja. Ongeza kipande, fungua, angalia idadi ya mistari, endelea.

Mambo manne ya kushika hapa.

LEFT JOIN inamaanisha mfanyakazi asiye na posho abaki kwenye orodha. Ukiweka INNER JOIN, mlinzi asiyepata posho yoyote anatoweka kwenye ripoti pamoja na michango yake. Hao ndio "watu watatu hawamo kabisa".

Nz hugeuza pasipo kitu kuwa sifuri. Bila ya hiyo, mshahara ukijumlishwa na posho ambayo haipo, jibu zima linakuwa tupu. Na CCur, inayogeuza jibu kuwa fedha, nimeiweka nje ya Nz kwa sababu ndani ya kwiri Nz ina tabia ya kurudisha namba kama matini. Utaijua ikikutokea: namba zinapangwa 100, 20, 3 badala ya 3, 20, 100, na alama ya kujumlisha inazibandika pembeni mwa nyingine badala ya kuzijumlisha.

Sharti la mwezi limewekwa kwenye C, yaani kwMichango, iliyo upande wa kushoto. Ukiliweka kwenye P, yaani kwPosho, LEFT JOIN yako inageuka INNER bila kukuambia, na yule mlinzi anapotea tena.

Tarehe: Access ikiuliza mwezi wa ripoti, andika 2025-07-01. Ukiandika 01/07/2025, kompyuta iliyosetiwa Kimarekani itasoma Januari 7. Ndani ya "SQL View" ni hatari zaidi, maana tarehe iliyo kati ya alama za # husomwa mwezi kwanza hata kama kompyuta yako imesetiwa vyema. Mwaka ukitangulia, hakuna utata.

Ukitaka miaka ya utumishi, kwa mfano kwa ajili ya kiinua mgongo, ongeza safu hii kwenye "Design View" ya kwRipoti:

```
MiakaKazi: DateDiff("yyyy",[TareheKuajiriwa],[MwishoMwezi])
+(Format([MwishoMwezi],"mmdd")<Format([TareheKuajiriwa],"mmdd"))
```

Mstari wa pili usiuache. DateDiff huhesabu mwaka ulivyobadilika kwenye kalenda, haihesabu miaka iliyotimia. Mtu aliyeajiriwa Disemba 20, 2023, ukimpima Januari 31, 2025, DateDiff peke yake itasema miaka 2, na ukweli ni mwaka mmoja, mwezi mmoja na siku chache. Kwenye Access kweli ni -1, kwa hiyo ulinganisho ule ukiwa kweli unaondoa mwaka mmoja ambao haujatimia.

Hatua ya 6: Pima kabla ya kuchapisha

Usiiruke hatua hii hata kama mkurugenzi kasimama mlangoni.

Kwanza, idadi. Fungua kwRipoti kwa mwezi uliofungwa, tazama chini idadi ya mistari. Lazima ilingane na idadi ya watu kwenye orodha ya malipo. Ikizidi, kuna kujirudia, na mara nyingi ni vipindi vya Viwango vinavyopandana. Ikipungua, kuna mtu kadondoka.

Pili, jumla. Bonyeza "Totals" kwenye utepe wa "Home", weka Sum chini ya MshaharaMsingi, PoshoZote na michango yote miwili. Linganisha na orodha iliyosainiwa na stakabadhi ya malipo ya mfuko. Tofauti ya shilingi chache ni ya kufikisha namba. Tofauti inayolingana kabisa na mshahara au posho ya mtu mmoja, ni mtu huyo.

Tatu, walioachwa. Tengeneza kwMweziHuu:

```
SELECT NambaMfanyakazi FROM Mishahara
WHERE Mwezi=[Mwezi wa ripoti];
```

Kisha kwWalioachwa:

```
PARAMETERS [Mwezi wa ripoti] DateTime;
SELECT W.NambaMfanyakazi, W.JinaKamili, W.Kituo
FROM Wafanyakazi AS W LEFT JOIN kwMweziHuu AS H
ON W.NambaMfanyakazi=H.NambaMfanyakazi
WHERE H.NambaMfanyakazi Is Null
AND W.TareheKuajiriwa<DateAdd("m",1,[Mwezi wa ripoti])
AND (W.TareheKuondoka Is Null OR W.TareheKuondoka>=[Mwezi wa ripoti]);
```

Kwiri hii inakuletea kila aliyekuwa kazini mwezi huo lakini hana mshahara ulioingizwa. Kwa hoteli za pwani ya mashariki zinazofunga au kupunguza watu wakati wa masika, Aprili na Mei orodha itakuwa ndefu, na hapo inabidi kila jina lijibiwe: kapewa likizo bila malipo, kaachishwa, au kasahauliwa? Aliye kwenye likizo bila malipo muingizie mstari wa mshahara wa 0 kwa mwezi huo. Mwezi mtupu usio na maelezo na mwezi wa sifuri uliosajiliwa ni vitu viwili tofauti, na mfanyakazi akija kuuliza baadaye, ule wa sifuri unajibika.

Papo hapo, chuja NambaZSSF zilizo tupu. Mchango usio na namba ya uanachama ni pesa iliyokatwa kwa mtu isiyojulikana inakwenda kwenye akaunti ya nani. Kwangu mimi ripoti yenye hata jina moja la namna hiyo haijakamilika, na siisaini.

Hatua ya 7: Ripoti ya kuchapisha

Kwiri ikishakaa sawa, iliyobaki ni sura.

1. Bofya kwRipoti mara moja, nenda "Create", kisha "Report Wizard".
2. Gawa makundi kwa Kituo, halafu ndani ya kundi panga kwa JinaKamili. Chagua "Landscape", maana safu ni nyingi.
3. Fungua ripoti kwa "Design View". Kwenye "Group Footer" ya Kituo weka kisanduku cha maandishi chenye =Sum([MchangoMwajiri]), na vivyo hivyo kwa safu nyingine za fedha.
4. Rudia visanduku hivyo kwenye "Report Footer" kwa jumla kuu.
5. Kwenye sifa za "Group Footer" weka "Force New Page" kuwa "After Section", ili meneja wa Paje asipewe mishahara ya watu wa Nungwi.
6. Weka nafasi ya saini mbili chini, ya aliyeandaa na aliyekagua. Toa kwa PDF.

PDF hiyo usiitupe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Mshahara na mkopo wa mtu ni siri yake. Mpelekee anayehusika peke yake, na faili lenyewe liwekee neno la siri.

Ikigoma

*Access inauliza thamani ya kitu ambacho hukukiomba.* Umekosea herufi kwenye jina la safu. Kinachoulizwa kwenye dirisha ndicho kilichokosewa, kwa hiyo kisome herufi kwa herufi.

*Inakuuliza mwezi wa ripoti mara mbili.* Maneno ndani ya mabano hayafanani kwenye kwiri zako. Nafasi moja ya ziada inatosha kuyafanya mawili. Nakili na ubandike, usiandike upya.

*"Data type mismatch in criteria expression".* Mara nyingi NambaMfanyakazi ni matini kwenye jedwali moja na namba kwenye jingine. Rudi hatua ya 1.

*#Error kwenye jumla.* Ama umeweka Sum kwenye "Page Footer", mahali ambapo haifanyi kazi, ama kisanduku chako kimepewa jina lile lile la safu inayojumlishwa. Kiite txtJumlaMwajiri au jina lolote tofauti.

*#Name? kwenye kisanduku.* Safu hiyo haimo kwenye kwRipoti, au ulibadilisha jina lake baada ya ripoti kutengenezwa.

*Ripoti tupu kabisa.* Angalia Viwango kama mwezi huo una kiwango. Kama kipo, angalia Mwezi kwenye Mishahara kama kweli ni siku ya kwanza. Data zilizoletwa kutoka Excel kabla ya kuweka lile sharti mara nyingi zina tarehe ya mwisho wa mwezi.

*Namba zimegeuka #####.* Kisanduku ni chembamba. Kipanue.

*Kila ukurasa unafuatwa na ukurasa mtupu.* Upana wa ripoti ukijumlisha na pambizo za kushoto na kulia umezidi upana wa karatasi. Hakikisha kwanza karatasi ni A4, kisha vuta ukingo wa kulia wa ripoti kwenye "Design View" uurudishe ndani. Ukikataa kurudi, kuna kisanduku au mstari umebaki upande wa kulia kabisa unaouzuia. Msogeze huyo kwanza.